Kutoka Port Florence Hadi Firenze: Wasomaji Wauliza Kuhusu Majina ya Italia

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa mistari miwili tu, kwamba Kisumu iliwahi kuitwa Port Florence. Mistari hiyo imetuletea barua nyingi, na zilizo nyingi hazikuishia ziwani bali zilivuka hadi Italia kwenyewe, zikiuliza kwa nini miji na mikoa ya nchi hiyo ina jina moja vinywani mwa wenyeji na jina jingine katika vitabu vya Kiingereza tulivyosomea. Tumechagua barua sita. Zilizouliza jambo lile lile zimejibiwa ndani ya hizi.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi kutoka Kondele. Marehemu babu yangu, aliyefanya kazi katika reli, alituambia tukiwa wadogo kwamba Port Florence ilipewa jina la mji wa Italia wenye sanamu na makanisa mengi. Sasa binti yangu anasoma Italia, naye anasema katika stesheni za treni hakuna kibao chenye jina Florence, kuna Firenze. Je, hii ni miji miwili? Na babu alitueleza kweli? — Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Binti yako amesema kweli, na babu naye hakuwa mbali nayo. Firenze na Florence ni mji mmoja, ulioko kando ya mto Arno katika mkoa wa Toscana. Warumi walioweka makao yao pale, mwaka 59 kabla ya Kristo kwa hesabu ya mapokeo, waliuita Florentia, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchanua na kustawi. Jina hilo lilipokaa karne nyingi katika vinywa vya watu wa kawaida lililainika. Sauti za fl za Kilatini ziligeuka kuwa fi katika Kiitaliano, kama vile ua, ambalo Warumi waliliita flos, lilivyokuja kuitwa fiore. Na Florentia ikawa Fiorenza, jina alilolitumia Dante katika mashairi yake, kisha ikawa Firenze. Waingereza hawakulichukua jina hilo kwa wenyeji. Walilipokea kwa Kifaransa, lugha iliyotawala mahakama na makasri ya Uingereza kwa muda mrefu baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, nacho Kifaransa kilikuwa kimelihifadhi kwa umbo la Florence. Hapo ndipo penye jambo linalowashangaza wengi: jina la wageni limebaki karibu na Kilatini kuliko jina la wenyeji. Hata hivyo wenyeji hawakuisahau kabisa sura ya zamani, kwani mtu wa Firenze hadi leo huitwa fiorentino, na timu ya mpira ya mji huo ni Fiorentina.

Ama Port Florence, jina hilo halikutoka Italia moja kwa moja. Reli ya Uganda ilipofika ufuoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, aliyepigilia msumari wa mwisho alikuwa Florence Preston, mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, na inasimuliwa kwamba bandari iliitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ni jina la mwanamke. Lakini usimlaumu babu, kwa sababu jina lenyewe la kike lina safari yake, na safari hiyo inapitia Firenze. Mwaka 1819 familia moja ya Kiingereza iliyokuwa katika matembezi marefu ya Italia ilipata binti mjini Napoli, ikampa jina Parthenope, ambalo ni jina la kale la makao ya Wagiriki mahali pale. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Mei 1820, ilipata binti wa pili ikiwa Firenze, ikamwita Florence. Mtoto huyo ndiye Florence Nightingale, muuguzi aliyejulikana duniani kote kwa kazi yake katika vita vya Krimea vya 1853 hadi 1856. Kabla yake jina Florence lilikuwa adimu kwa wasichana wa Uingereza. Baada ya sifa zake kuenea, wazazi wengi waliwapa binti zao jina hilo. Mji ulimpa mtoto jina, mtoto akalieneza kwa wasichana wa nchi nzima, na kwa njia hiyo jina likafika hadi ufuo wa ziwa letu.

Niongeze jambo moja kwa sababu umeandika kutoka Kondele. Wajaluo husema Kisumo, si Kisumu, na wazee hulifungamanisha jina hilo na kusuma, yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Kwa hiyo mji wako nao una jina la wenyeji na jina la ramani, na tofauti yake ni irabu moja tu.

SWALI: Mhariri, mimi ni mfugaji wa kuku huku Njoro. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa katika somo la kilimo kwamba Leghorn na Ancona ni kuku wepesi wa mayai, tena wametoka Italia. Nimefungua ramani ya mwanangu nikaiona Ancona. Leghorn sijaiona popote. Iko wapi? — Mama Kuku, Njoro

JIBU: Mama, iko pale pale kwenye ramani, ila imeandikwa Livorno. Ni bandari kubwa ya mkoa wa Toscana, upande wa magharibi wa Italia. Wanamaji wa zamani waliutamka mji huo Ligorno au Legorno, na Waingereza, waliposikia sauti hizo zisizo na maana kwao, walizivuta hadi zikafanana na maneno mawili wanayoyajua, moja la mguu na jingine la pembe. Mji wenyewe hauna uhusiano wowote na mguu wala pembe. Ni jambo ambalo masikio ya watu wote hufanya, kwani sikio lisilopata maana hujitafutia.

Waingereza walikuwa na sababu ya kuutaja mji huo kila siku. Watawala wa ukoo wa Medici walitoa sheria mwaka 1591 na 1593 zilizowakaribisha wafanyabiashara wa mataifa na dini mbalimbali waishi Livorno kwa usalama, na Waingereza wengi waliitikia, wakakaa na kufanya biashara huko. Mahali unapouzia na kununulia kila siku hupata jina lako mwenyewe. Katika karne ya 19 kuku wa nchi ile walipakiwa melini wakapelekwa Marekani, nao wakabeba jina la bandari kwa Kiingereza. Siku hizi Waingereza wenyewe wengi wao husema Livorno wanapoutaja mji, na Leghorn limebaki hasa kwa kuku na kwa zile kofia za majani makavu zilizosukwa Toscana. Waitaliano nao humwita kuku huyo Livorno.

Ancona haikupata matatizo hayo. Iko upande wa pili, katika bahari ya Adria, mkoa wa Marche, na jina lake ni la Kigiriki, lenye maana ya kiwiko, kwa sababu rasi yake imejikunja kama mkono. Kiitaliano na Kiingereza huliandika sawasawa.

Kwa hiyo ukienda kununua vifaranga, omba Leghorn, kwa maana ukiomba Livorno muuzaji hatakuelewa. Mwanao akiulizwa mji katika mtihani, na aandike Livorno.

SWALI: Kaka Mhariri, tuna ubishi mkali katika ukumbi wetu wa kutazamia mpira. Mtangazaji mmoja wa Kiswahili husema timu ya Milan lakini mji wa Milano, timu ya Genoa lakini mji wa Genova. Akifika Napoli husema Napoli kwa yote mawili. Wengine wetu wanasema amechanganyikiwa. Tuamulie. — Shabiki, Kakamega

JIBU: Hajachanganyikiwa hata kidogo, na ningependa watangazaji wote wawe waangalifu kama yeye. Genoa iliundwa mwaka 1893 na Waingereza waliokuwa wakiishi Genova, nao waliipa jina la mji kwa lugha yao. Milan iliundwa mwaka 1899, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Mwingereza Herbert Kilpin kutoka Nottingham. Nao vilevile waliandika Milan, si Milano. Katika utawala wa Mussolini, dikteta wa Italia, ambapo majina yenye harufu ya ugeni yalipigwa vita, timu hizo zililazimishwa kujiita Genova na Milano. Hata Inter, ambayo jina lake kamili lina maana ya kimataifa kwa kuwa iliundwa mwaka 1908 na watu waliotaka kuwapokea wachezaji wa mataifa mengine, iligeuzwa jina na kuitwa Ambrosiana kwa heshima ya Mtakatifu Ambrosi wa Milano. Vita vilipokwisha na utawala ule ukaanguka, timu zilirudia majina yake ya awali. Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria: watu wa Genova na Milano walilirudisha jina lililoletwa na wageni, kwa sababu kwa miaka mingi walikuwa wamelishangilia, na likawa lao.

Angalieni pia matamshi. Mwitaliano akiitaja timu husema Milan akiweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, lakini Mwingereza huuweka kwenye silabi ya mwisho. Kwa hiyo hata pale herufi zinapolingana, sikio husikia majina mawili.

Napoli ni kinyume chake. Timu ina jina la Kiitaliano, na Waingereza wenyewe huitaja hivyo, ila wakirudi kwenye mji husema Naples. Asili ya yote mawili ni Neapolis, maneno ya Kigiriki yenye maana ya mji mpya, ndiyo hayo hayo yaliyozaa jina la Nablus kule Palestina. Lazio si mji bali ni mkoa, ambao Roma ndiyo makao yake makuu. Juventus haina jina la mahali popote. Ni neno la Kilatini la ujana, na timu hiyo ni ya Torino, mji wenye timu nyingine inayoitwa Torino. Ama Parma, alikochezea Mkenya mwenzetu McDonald Mariga kabla ya kuhamia Inter, ni Parma kwa lugha zote mbili, pamoja na Bologna, Verona, Pisa, Palermo na Bari, ijapokuwa Mwingereza na Mwitaliano hawatamki Bologna kwa namna moja.

Mkishamaliza ubishi, tazameni jinzi mlizovaa. Neno hilo tumelitoa kwa Kiingereza, na Kiingereza kililitoa katika jina la Genova kama Wafaransa wa zamani walivyolitamka, kwa sababu kitambaa kigumu cha pamba cha namna hiyo kilitoka katika bandari hiyo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha Jiografia. Ramani yetu ya ukutani ni ya Kiingereza, nayo ina Tuscany, Lombardy, Piedmont, Apulia, Latium na South Tyrol. Wanafunzi wakitafuta kwenye simu wanakuta Toscana, Lombardia, Piemonte, Puglia, Lazio na Alto Adige, kisha wanadhani Italia ina mikoa zaidi ya 30. Naomba ufafanuzi. — Mwalimu, Bungoma

JIBU: Mwalimu, mikoa ni 20, na mitano kati yake ina mamlaka ya pekee kikatiba: Sicilia, Sardegna, Valle d'Aosta, Trentino-Alto Adige na Friuli-Venezia Giulia. Mingine mingi haina shida yoyote, kwa maana Umbria, Liguria, Calabria, Basilicata, Campania, Veneto, Molise na Abruzzo huandikwa vilevile katika lugha zote mbili. Waeleze wanafunzi kanuni moja, nayo itawatatulia nusu ya tatizo: majina yenye mwisho wa -ia au -na yaliyopitia Kifaransa kuingia Kiingereza hupata mwisho wa y, kama Lombardia ilivyokuwa Lombardy, Sicilia ikawa Sicily, Toscana ikawa Tuscany, na Italia yenyewe ikawa Italy. Mengine Waingereza waliyatoa moja kwa moja katika vitabu vya Kilatini, bila kujali yalivyokuwa yamebadilika nchini. Hayo ni Latium, Apulia na Sardinia. Latium ndiyo nchi iliyoipa lugha ya Kilatini jina lake, na wenyeji wake leo huiita Lazio. Apulia ilipoteza irabu yake ya kwanza ikawa Puglia, na siku hizi hata Waingereza wengi huandika Puglia.

Piemonte maana yake ni chini ya mlima, na anayeitazama ramani ya maumbile ataelewa mara moja, kwa sababu milima ya Alpi imeuzunguka mkoa huo pande tatu. Marche, ambayo Kiingereza huiita the Marches, ni wingi wa neno la kale la nchi za mpakani.

Mikoa miwili kati ya hii inatuhusu kwa karibu. Mwaka 1906 Luigi Amedeo wa ukoo wa kifalme wa Savoia, aliyekuwa na cheo cha Mtawala wa Abruzzi, alipanda milima ya Ruwenzori. Alifika kwa Reli ya Uganda hadi hapa ziwani, akavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha akakipa kilele kirefu kuliko vyote pale, chenye mita 5,109, jina la Margherita, mama wa mfalme wa Italia. Mwanafunzi akisoma Abruzzi katika vitabu vya zamani na Abruzzo katika vya sasa, ajue kwamba Abruzzi ni wingi, na kwamba zamani mkoa uliunganishwa na Molise, ukaja kutenganishwa nao mwaka 1963. Mtoto wa kaka wa Luigi Amedeo, aliyeitwa Amedeo, alikuwa na cheo cha Mtawala wa Aosta, naye ndiye aliyesalimu amri kwa Waingereza nchini Ethiopia mwaka 1941, akaletwa Kenya akiwa mfungwa, akafia Nairobi mwezi wa Machi 1942 na kuzikwa Nyeri pamoja na askari wake. Aosta ni jina la Augusta lililosuguliwa na wakati. Wafungwa wenzake ndio waliojenga kanisa dogo lililo mteremkoni karibu na Mai Mahiu.

Nimeliacha mwisho lile jina gumu kuliko yote. South Tyrol na Alto Adige ni mahali pamoja, lakini hapa hatuna jina moja lililotamkwa kwa namna mbili. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Austria, na wengi wa wakazi wake husema Kijerumani. Italia iliitwaa rasmi mwaka 1920 baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina la Kiingereza limefuata lile la Kijerumani, Südtirol, yaani Tiroli ya kusini. Jina la Kiitaliano linautaja mto Adige, likiwa na maana ya nchi ya Adige ya juu, wala halitaji Tiroli kabisa. Wafashisti, yaani wafuasi wa Mussolini, walipiga marufuku majina ya Kijerumani, na orodha ya majina ya Kiitaliano iliyotungwa na Ettore Tolomei ikawekwa mahali pake, hata kwa vijiji ambavyo havijawahi kuwa na jina la Kiitaliano. Leo majina yote mawili hutumika, na vibao vya barabarani huandika Bolzano na Bozen, Merano na Meran. Mwanafunzi wa Bungoma hahitaji maelezo marefu kulielewa jambo hili. Mwambie aulize nyumbani Webuye iliitwaje zamani, naye atajibiwa Broderick Falls. Amwulize mtu wa Nyahururu, ataambiwa Thomson's Falls. Jina la mahali likibadilishwa kwa amri, watu hulikumbuka kwa namna nyingine kabisa kuliko jina lililobadilishwa na ulimi taratibu, na ningependa tofauti hiyo ifundishwe darasani waziwazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika tasnifu ya tafsiri. Nimetumia Firenze, Torino na Venezia katika matini yangu ya Kiswahili. Msimamizi wangu ameyakata yote kwa kalamu nyekundu na kuandika Florence, Turin na Venice, akisema ndiyo yanayojulikana. Mimi naona kwamba majina ya Kiingereza ni makosa. Nani ana haki? — Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Kwa maoni yangu uchaguzi wako ni mzuri kuliko wake, lakini sababu uliyoitoa si sahihi, na ni vizuri uirekebishe kabla hujarudi ofisini kwake.

Majina ya Kiingereza si makosa. Turin, kwa mfano, ndivyo wenyeji wa Piemonte wanavyouita mji wao wanaposema lugha yao ya asili, na watawala wa Savoia waliohamishia makao yao makuu hapo mwaka 1563 walikuwa wakitumia Kifaransa, ambacho nacho husema Turin. Milan vilevile ni umbo linalosikika katika lugha ya wenyeji wa Lombardia. Tena Waitaliano wenyewe huwapa wengine majina: London kwao ni Londra, Paris ni Parigi, na München ni Monaco, kiasi kwamba hulazimika kufafanua ni Monaco ipi. Sisi nasi tunasema Misri, Uholanzi na Ujerumani, wala hatujamdharau yeyote. Kuwa na jina lako mwenyewe kwa mji wa mwenzako ni dalili kwamba mmefahamiana kwa muda mrefu.

Swali la kujiuliza ni hili: je, Kiswahili kimekwisha kuwa na jina lake? Kama kinalo, litumie. Tuna Italia. Tuna Roma, na katika Biblia ya zamani tuna Rumi na Warumi, majina yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu. Sura ya 28 ya Matendo ya Mitume inampitisha Paulo Sirakusa, Regio na Puteoli, ambayo leo ni Siracusa, Reggio Calabria na Pozzuoli. Waumini wetu wanamjua Fransisko wa Asizi na Katerina wa Siena. Sisilia na Sardinia yamezoeleka. Venisi nalo linalo cheti chake, kwa sababu Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1969, aliipa jina Mabepari wa Venisi. Ukiitaja tamthilia hiyo, andika Venisi bila kusita. Ukiuzungumzia mji wenyewe kwa habari za leo, mimi ningeandika Venezia.

Kama Kiswahili hakina jina, sioni kwa nini tupitie London kwenda Torino. Jina Torino halikuhitaji Kiingereza kufika Kenya, kwa maana Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa mjini humo mwaka 1901, walifika nchini mwaka uliofuata na jina la mji wao midomoni. Lakini sababu iliyo na uzito zaidi kwangu ni ya sauti. Sikiliza: Milano, Torino, Napoli, Livorno, Toscana, Lombardia. Kila neno linaishia kwa irabu, na karibu kila silabi iko wazi, kama ilivyo katika Kiswahili. Kiingereza kimezikata irabu hizo za mwisho. Kwa nini tuchukue jina lililokatwa mkia, hali jina zima linakaa vizuri kwenye ulimi wetu? Hata mkazo katika majina mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Mengine hayafuati, nayo ni ya kujifunza: Napoli, Genova, Padova, Mantova, Modena, Bergamo na Brindisi huwekewa mkazo silabi ya kwanza.

Msimamizi wako anaweza kukuuliza msomaji atayasomaje. Mjibu kwamba kanuni ni chache. Herufi gn husomwa kama ny yetu, hivyo Bologna ni Bolonya na Sardegna ni Sardenya. Herufi gl ikifuatwa na i husikika kama ly, kwa hiyo Puglia ni Pulya. Ci na ce ni chi na che. Sci ni sh, na Brescia ikawa Bresha. Z husomwa ts, kama katika Venezia na Lazio, isipokuwa mara chache inapokuwa dz. Mwanafunzi wa darasa la sita huko Molo angeyashika haya kwa kipindi kimoja.

Mara ya kwanza jina linapotokea, mfikirie yule aliyesoma kwa Kiingereza. Andika: mji wa Firenze, ambao Waingereza huuita Florence. Baada ya hapo endelea na Firenze hadi mwisho, wala usichanganye. Andaa pia utetezi wako, kwa sababu anayesema kwamba Florence ndilo linalojulikana ana hoja ya kweli kuhusu wasomaji wa leo. Mkumbushe tu kwamba michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2006 iliitwa rasmi Torino 2006, na dunia nzima ilijua ni mji gani. Kwa hati rasmi, kama vile vyeti, tiketi na barua za ubalozi, acha jina kama lilivyoandikwa katika hati, hata kama hulipendi.

SWALI: Mhariri, sisi ni parokia ya Mtakatifu Antoni wa Padua. Mchoraji wa kibao amesoma mahali kwamba jina sahihi ni Padova, naye anakataa kuandika Padua. Rangi imekwisha kununuliwa. — Katibu wa parokia, Kakamega

JIBU: Mwambieni aandike Padua. Jina hilo halikutoka kwa Waingereza. Ni umbo la Kilatini cha kanisa la Zama za Kati, Kiingereza kililichukua huko, na Kiswahili cha sala kimelitumia kwa muda mrefu kiasi kwamba ni letu. Mji kwenye ramani ni Padova, mkoa wa Veneto, na hapo mchoraji wenu hajakosea. Mtakatifu mwenyewe hakuwa mwenyeji wa huko, kwani alizaliwa Lisboni nchini Ureno na kufariki karibu na Padova tarehe 13 Juni 1231. Watu wa Padova hawamwiti kwa jina la mji hata kidogo. Wao husema tu il Santo, yaani Mtakatifu, na kanisa kubwa alimozikwa huliita hivyo hivyo, na kila mtu mjini anajua ni nani na ni wapi.